Kipimo cha Chai ya Bi Muqaddas

Jumatatu, 6 Mei

Ushindi! Leo Bi Muqaddas, kwenye mgahawa wake wa chai ng'ambo ya mfereji, amenimiminia chai ikaishia kwenye kikonyo cha ua. Kikonyo! Jana ilifika kwenye jani. Juzi ilipanda mpaka chini ya ua lenyewe, nikarudi nyumbani nimenyong'onyea. Sasa tunasonga mbele.

Piala zake zote, vile vibakuli vya kunywea chai, ni za samawati na maua meupe ya pamba ubavuni, kwa hiyo kipimo kinaonekana waziwazi. Mwenyeji anayekupenda hukumiminia kidogo, apate sababu ya kuinuka tena na tena akuongezee. Anayekujazia mpaka ukingoni amekwisha kukuaga, ni wewe tu hujasikia. Kinyozi Sotvoldi, ambaye kibanda chake kinatazamana na changu, anadai kwamba Bi Muqaddas humpimia kila mtu kikonyo, hata mbuzi angepimiwa hivyo. Wivu huo.

Nikanywa. Akarudi, akamimina, nikanywa, akarudi. Kila akiinama, kitambaa chake cha kichwani kinanukia iliki. Nimekunywa mpaka tumbo linacheza kama kiriba. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi sina wiki ya tatu sasa. Mgane wa miaka hamsini na saba, fundi wa kuunga vyombo vya kauri, nimekamatika kama kijana wa shule. Mapenzi haya!

Na zaidi. Jioni alikuja kwenye benchi langu na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake vipande vya buli la marehemu mama yake, jekundu, lenye mstari wa dhahabu. Paka amelisukuma kutoka kwenye rafu. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao siku ya kuolewa. Kwa sauti ndogo akaniomba niliunge kabla ya Jumapili, ana wageni. Nikamwuliza wageni gani. Akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani, akasema wageni tu.

Mtu hampi vipande vya mama yake mtu asiyemtaka. Nitaliunga liwe kama jipya, nitampelekea mwenyewe, na nikimkabidhi nitamwambia. Nimelingoja neno hilo tangu arobaini ya mumewe ilipomalizika. Hapana, nisijisifu. Tangu kabla.

Jumanne, 7 Mei

Siku mbaya. Kuunga buli si mchezo. Unatoboa vishimo vidogo kwa keekee pande mbili za ufa, unapitisha pini za shaba, unaziba kwa ute wa yai na chokaa. Mkono ukiyumba unywele mmoja, kauri imekwisha.

Asubuhi nilianza na chai ya Bi Muqaddas, kwa ajili ya nguvu na kwa ajili ya kumwona. Kikonyo tena! Nikarudi kwenye benchi, nikashika keekee, ikaanza kucheza ngoma yake peke yake. Niliteleza nikachora mkwaruzo kwenye kipande cha tumbo la buli. Mdogo. Mdogo, lakini naujua.

Sotvoldi alikuwa mlangoni pake akinoa wembe. Yeye hanywi chai kabla ya adhuhuri, na mkono wake umetulia kama meza. Nauchukia mkono ule.

“Fundi,” akasema, “mkono huo ungeshika wembe, nusu ya mji huu wa Margilon ingetembea bila masikio.”

Wateja wake wakacheka na sabuni usoni. Nikamwambia kwamba mkono wa mtu mwenye hisia hutetemeka, na mkono wa mti hautetemeki. Halafu nikaenda kunywa chai nyingine, nitulize mishipa. Haikutulia.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda zahanati kwa Dilnavoz, mtoto wa dada yangu, ambaye ni muuguzi. Nia yangu ilikuwa anipe dawa ya mkono tu, ugonjwa wa moyo aniachie. Akanishika mkono, akatazama saa, akaniuliza nakunywa chai kiasi gani. Nikasema kidogo kidogo. Akauliza mara ngapi hiyo kidogo kidogo. Nikahesabu kwa vidole, vikaisha.

“Mjomba, hayo si mapenzi,” akasema. “Hiyo ni kafeini.”

Akanieleza kama anavyowaeleza wazee wote, polepole na kwa sauti kubwa. Eti ubongo ukifanya kazi mchana kutwa hujikusanyia kitu fulani, na kitu hicho kikikaa kwenye viti vyake kichwani ndipo mtu huhisi uchovu. Kafeini inafanana nacho umbo. Inatangulia na kukalia viti. Uchovu unafika, unakuta pamejaa, unabaki umesimama mlangoni. Haujaondoka, unangoja tu. Wakati huohuo mwili unadhani kuna hatari, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, mkojo haukupi nafasi. Na chai ya alasiri, nusu ya kafeini yake bado imo kwenye damu saa ya kulala.

Nikamwambia moyo wangu una sababu zake mwenyewe. Akasema basi niache chai nione. Ila nipunguze taratibu, kwa sababu nikikata ghafla mishipa ya kichwani itatanuka na kichwa kitaniuma siku kadhaa.

Nimeona uchungu. Mtu unamtunza mwanamke moyoni miaka, anakuja mtoto uliyembeba mgongoni anakwambia ni majani tu!

Nikaamua kufanya majaribio. Nimepika buli zima nyumbani, nikanywa nikitazama ukuta mtupu. Moyo ukadunda. Hiyo inaeleweka, labda nilikuwa namwaza bila kujijua. Nikaenda kwa Sotvoldi kunyolewa, nikamwomba chai nzito, nikanywa nikimtazama yeye. Masharubu, pua, yote. Moyo ukadunda vilevile!

Nimerudi nyumbani nimefadhaika sana.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeacha chai. Sijapunguza, nimekata. Jumapili iko karibu na buli bado ni vipande.

Kichwa! Kana kwamba kuna mtu ndani anagonga bati. Macho yanafumba yenyewe. Viti vimeachwa wazi na uchovu wa wiki tatu umeingia wote kwa pamoja, na mizigo yake. Nimelala juu ya benchi mchana na keekee mkononi.

Lililo gumu si kichwa. Ni kwamba bila chai sina sababu ya kwenda kukaa pale. Kutoka hapa namwona mgongo tu, na mkono unaoinua birika. Anamimina piala, anairudisha kwenye buli, anamimina tena, mara tatu kama desturi, ndipo anagawa. Harufu inavuka mfereji inanifikia. Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani vitu viwili kwa wakati mmoja kiasi hiki asijue kipi ni kipi. Ninamtamani yeye, ninatamani chai, na vyote viko umbali wa kurusha jiwe.

Alasiri akaja mwenyewe. Akasema, “Fundi, leo mbona hukuja? Nimeweka mto mahali pako tangu asubuhi.”

Nikafungua mdomo nimjibu jambo zuri. Nikapiga mwayo. Mwayo mrefu, mbele ya uso wake, machozi yakanitoka. Akasema ananiona nimechoka, akaenda zake.

Kisha akaja Sotvoldi. Ananukia marashi, amejinyoa mwenyewe. Akanipa mkono, akaniambia kama ndugu kwamba shangazi zake wawili wanakwenda Jumapili kwa Bi Muqaddas kumposea. Kwa hiyo nilipendezeshe lile buli, maana ndilo watakalonywea.

Wageni tu, alisema. Wageni tu!

Ijumaa, 10 Mei

Kichwa bado, ila mikono imetulia. Niliinyoosha mbele yangu asubuhi nikaitazama kama ni ya mtu mwingine. Sijawa na mikono hii tangu nilipooa.

Nimetoboa vishimo vyote. Pini zimekaa kama zimezaliwa pale. Ningefurahi, lakini namfanyia kazi nani? Namwandalia Sotvoldi harusi kwa mikono yangu mwenyewe!

Mpango. Chini ya mrija wa buli kuna kijipande kilichopotea, nafasi ndogo kuliko punje ya mchele. Mahali pa ute na chokaa nimeweka nta, nimeipaka rangi nyekundu. Kwa jicho huoni kitu. Maji baridi hayapiti. Yakiingia ya moto nta itayeyuka, na chai yote itawamwagikia shangazi wawili mapajani. Watu waliounguzwa na chai ya moto hawavunji mkate wa posa, na mkate usipovunjwa hakuna ndoa. Watasema ni ishara mbaya. Shangazi wa Sotvoldi huona ishara mbaya hata kuku akivuka njia.

Nimecheka peke yangu mpaka kichwa kikaniuma zaidi. Akili hii, bila hata tone la chai!

Jumamosi, 11 Mei

Alikuja kulitazama. Sikumsikia akifika, niliinua uso tu nikamwona amesimama.

Moyo ukadunda. Siku ya tatu bila chai. Hata jani moja la mnanaa sijagusa. Ukadunda kuliko ulivyopata kudunda, masikio yakajaa mlio. Hapakuwa na kitu cha kusingizia. Nilikaa pale na mikono imetulia na moyo unakimbia, nikajua kwamba ni yeye, na kwamba siku zote alikuwa ni yeye, na kwamba kesho wanakuja kumchukua.

Akalichukua buli. Akaligonga kwa ukucha, akainamisha sikio. Likalia vizuri. Akasema mama yake alikuwa akiligonga hivyo kila asubuhi kabla ya kuweka majani, ahakikishe halina ufa, na kwamba hakutegemea kuusikia mlio ule tena. Macho yake yakalowa. Akashika kingo za benchi langu kidogo.

Nikamwambia halijakauka. Anirudishie mpaka jioni.

Nimetoa nta. Si kwa sababu ya huruma, niliandike hilo wazi. Ni jina langu la kazi. Fundi gani anayetoa buli linalovuja? Watu wangesema nini? Nimepiga ute na chokaa, nikaziba, nikasugua na majivu, nikasugua tena. Hata ule mkwaruzo wa Jumanne nimeupitishia mstari wa dhahabu, sasa unaonekana kama ulikuwepo tangu mwanzo. Ndiyo kazi bora niliyopata kufanya.

Nimempelekea magharibi. Neno nililolipanga lilikuwa kooni. Nikamwambia asilioshe kwa mchanga.

Jumapili, 12 Mei

Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi na chombo kisichokuwa na kasoro, nikikiunga.

Shangazi walifika na mikate miwili mikubwa imefungwa kwenye kitambaa cha maua, na sinia ya peremende. Wakaingia uani kwake, nyuma ya mgahawa. Mlango ukafungwa. Sotvoldi alikuwa anamnyoa mzee wa watu, anatazama mlango, ananyoa, anatazama. Kwa mara ya kwanza mkono wake ulimtetemeka. Mzee akapiga kelele. Ningecheka, lakini na mimi nilikuwa nimesahau kupumua.

Nilifikiria atakavyokuwa nyumbani kwa Sotvoldi, anamimina chai kwenye vyombo vya Sotvoldi. Nilifikiria benchi langu litakavyotazamana na mgahawa uliofungwa. Nikafikiria kwamba nitazeeka nikiunga vyombo vya watu wengine na hakuna atakayeniwekea mto.

Wakatoka upesi. Mikate imo kwenye kitambaa vilevile, mviringo, mizima, haijavunjwa! Shangazi mkubwa amebana midomo. Nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba walijaziwa piala mpaka ukingoni, tena mara ya kwanza tu, kabla hata hawajasema walilojia.

Sotvoldi alifunga kibanda mapema. Alipopita alisema, “Buli lako zuri, fundi. Halikuvuja.” Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Kesho nasema. Kesho!

Jumatatu, 13 Mei

Natetemeka ninavyoandika.

Alfajiri niliamka nikajiona mzito, ulimi umelala. Nikasema neno kubwa kama lile linahitaji ubongo ulio macho. Nikapika buli moja la chai nyeusi, nzito kama lami. Nikalimaliza. Nikapika la pili, nisije nikapungukiwa.

Nilifika mgahawani nikiwa na kasi ya farasi. Mto ulikuwa mahali pangu. Akaja, akaitazama mikono yangu. Nikafungua mdomo. Maneno yakatoka yote, yakikanyagana. Nikamweleza kuhusu chokaa. Nikamweleza chokaa ya Rishton na ya Quva tofauti yake nini, na kwamba ute wa yai la bata unashika kuliko wa kuku, na kwamba kauri haipendi baridi ya ghafla. Nilijisikia nikizungumza na sikuweza kujizuia. Lile neno halikuwemo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na lile buli jekundu la mama yake. Akalitua mbele yangu. Akamimina.

Nikaangalia. Kikonyo. Akaendelea. Jani. Akaendelea! Ua. Juu ya ua. Ukingo. Chai ikasimama imevimba kabisa juu ya ukingo, tone moja zaidi ingemwagika.

Na haikuwa hata chai! Ilikuwa maji ya waridi mwitu, mekundu, yale wanayopewa wagonjwa. Akasema amemwuliza Dilnavoz, na Dilnavoz amemwambia hayana kafeini, nitaweza kulala. Kwa hiyo wamenijadili. Mimi, nimenyimwa jani.

Nikapata sauti. Nikamwuliza kwa nini amenijazia.

Akaketi. Hakurudi kwenye kazi yake, akaketi pale pale upande wa pili wa kitanda cha mbao tunachokalia kunywea chai, wateja wakimngoja, akajimiminia piala yake na yeye, mpaka ukingoni. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa joto la birika.

“Wageni ndio hupimiwa, fundi,” akasema. “Wewe kunywa tu.”

Basi nimeelewa. Mimi si hata mgeni tena. Mgeni ana heshima yake, anapimiwa, anahudumiwa. Mimi nimewekewa buli zima mbele yangu nijimiminie mwenyewe, kama mtu wa humohumo ndani asiye na thamani. Na yeye amejijazia ili amalize haraka aondoke. Shangazi wa Sotvoldi walijaziwa wakaelewa, wakatoka na heshima yao. Nikafanya kama wao. Nikainuka, nikamshukuru, nikavaa kofia.

Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa. Nadhani ni chuki.

Jumanne, 14 Mei

Nimejifungia. Sikufungua benchi. Nimeuchunguza mpango mzima nikaona nilipokosea. Nilizidisha kwenda. Mtu anayekaa mahali kila siku hugeuka samani, na samani haipimiwi chai.

Mpango mpya. Nitavaa kofia mpya iliyoshonwa Chust na koti la harusi ya mpwa wangu. Nitangoja basi la wageni wa kutoka Andijon, wale wanaokuja kununua hariri, niingie katikati yao, nikae meza ya mbali na mgongo wangu umeelekea mlangoni. Atakuja kunihudumia kama mgeni. Atanimiminia mpaka kwenye kikonyo. Tutaanza upya kutoka hapo, polepole, jani kwa jani. Mwaka mmoja, miwili, sina haraka. Na nitakapojiona tayari, nitasema.

Mpango wa namna hii unahitaji akili iliyo macho. Nimepika chai nzito kabisa, nimemimina, nimeiweka hapa kando ya shajara.

Dakika chache zilizopita kulikuwa na mtu langoni. Bi Muqaddas. Aliita jina langu, si fundi, jina langu, Hamroqul. Akasema amepika pilau na imebaki, naye hapendi kula peke yake, na je, nimeumwa? Sikujibu. Nilijibana nyuma ya pazia. Nani anayependa kuletewa makombo kwa huruma? Aliita tena, kwa sauti ndogo. Akasimama kidogo. Kisha nikasikia viatu vyake vikirudi njia ya mferejini.

Moyo umenidunda mpaka sasa hivi. Mikono inatetemeka, tazama mwandiko huu. Dilnavoz alisema kweli, chai hii ni hatari.

Nimeitazama piala. Bado imejaa. Sijanywa hata tone.

Kafeini ya siku hizi ni kali ajabu, inampanda mtu kwa harufu tu. Kesho nitamwambia Dilnavoz, jambo hili walifanyie utafiti.